Maswali ya wasomaji: "Nina pointi 7.5, mbona famasi wamenikataa?"

Haya wapendwa, safu imerudi. Toka matokeo ya fomu siksi yatoke simu yangu haijapoa, wengine mnaandika saa nane za usiku, na karibu wote mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: nifanyeje niingie digrii ya famasi. Kwa wageni, mimi ni mfamasia, kwetu Ujiji ila kazi iko Tabora mjini. Wengi mnaniita dokta, nashukuru, ila mimi sio dokta, niite dada tu inatosha. Barua nyingine nimezifupisha na majina nimeyatoa yote. Naanza na ya binti wa nyumbani kabisa mana imeniuma.

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Ujiji, nimemaliza fomu siksi mwaka huu kombi ya PCB. Kemia nina C, Baiolojia B, Fizikia S. Nikijumlisha napata pointi 7.5 na kila mtu anasema famasi wanataka pointi 6. Nimeaplai vyuo vitatu na kote mfumo unaandika sina sifa. Baba anasema nimekosea kujaza, mjomba anasema kuna mtu Dar anaweza kunisaidia kuingia kwa laki nne. Nifanyeje dada, nalia kila siku.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo laki nne isitoke nyumbani. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba mfumo wa chuo unavuta matokeo yako moja kwa moja kutoka NECTA, yani Baraza la Mitihani, kwa namba yako ya mtihani, hakuna mtu wa Dar anaeweza kubadili S ikawa E, na wanaochukua hela hizo wakishazipata hata simu hawapokei tena.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe, na wewe hujakosea kujaza popote. Watu wanakariri "pointi 6" wanasahau sentensi iliyo mbele yake. Mwongozo wa TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa famasi unataka prinsipo tatu, yani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ALAFU hizo tatu zikijumlishwa zifike pointi 6. Prinsipo ni kuanzia A mpaka E. S ni sabsidiari, inahesabiwa nusu pointi lakini sio prinsipo, kwaiyo hata ungekuwa na A ya Kemia na A ya Baiolojia, ukiwa na S ya Fizikia bado una prinsipo mbili. Kwa viwango vya NECTA vya fomu siksi E inaanzia alama 40 na S ni 35 mpaka 39, kwaiyo inawezekana kabisa ulikosa alama moja tu. Najua inauma na sitaki kukwambia haiumi. Mwenzako mwenye C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia ana pointi 6 kamili, chini yako, na anasogea mbele kuliko wewe kwa sababu masomo yake yote matatu yamepita.

Njia yako ya karibu ni kurisiti, yani kurudia mtihani wa Fizikia peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huna haja ya kurudia Kemia na Baiolojia, hizo umeshazishinda. Mtihani ni Mei, lakini usajili wake unafanyika nusu ya pili ya mwaka unaotangulia, kwaiyo usiseme nitapumzika mpaka Januari, nenda kituo cha mtihani wiki hii. Na usichague kituo kwa sababu kiko karibu na kwenu, uliza kwanza kama kina maabara inayofanya kazi, mana karatasi ya tatu ya Fizikia ni vitendo na wengi wanaosomea nyumbani wanaangukia hapo, mtu anajua fomula zote ila hajawahi kushika waya wa kupimia ukinzani tangu atoke shule. Ongea na mwalimu wa shule ya jirani akuruhusu kuingia maabara hata jioni mbili kwa wiki. Waalimu wengi wa huku kwetu ukiwafata kwa adabu hawakatai.

Kama nyumbani hawataki usubiri mwaka, kuna diploma ya famasi, miaka mitatu, alafu digrii baadae. Ila kabla hujalipa hata shilingi moja ya diploma soma jibu linalofata hapo chini, neno kwa neno.

SWALI: Habari za kazi dada mfamasia. Mimi ni fundi dawa sanifu, nipo kituo cha afya huku Kasulu vijijini, huu mwaka wa nne. Diploma yangu GPA, yani wastani wa alama za chuo, ni 3.9. Mwaka jana nimeomba digrii ya famasi nikaambiwa sina sifa, nikaenda mpaka chuo nilichosoma wakasema hawahusiki. Fomu foo nina Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D, Kiingereza D, Hesabu F. Naambiwa eti shida ni Hesabu. Kama Hesabu ni lazima mbona diploma walinipokea na nikamaliza vizuri? Naona kama nimepotezewa muda.

JIBU: Kaka yangu, hujapotezewa muda, miaka minne ya kutoa dawa Kasulu vijijini hakuna chuo kitakufundisha hicho. Lakini hasira yako naielewa kuliko unavyodhani, mana na mimi nilipita njia hiyohiyo. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na kazi, na nilikuwa na F ya Hesabu, na chuo nilichosomea diploma hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia siku moja itanifungia mlango. Walichukua ada tu. Nimegundua mwenyewe siku ya kuomba digrii, nimekaa kwenye intaneti kafe pale stesheni na risiti ya maombi mkononi.

Iko hivi. Kuingia diploma ya famasi wanataka ufaulu wa masomo manne kuanzia D, ya dini hayahesabiwi, na katika hayo manne lazima iwepo Kemia na Baiolojia. Hesabu na Kiingereza ukiwa navyo ni nyongeza nzuri ila sio lazima. Ndo mana walikupokea, na hawakuvunja sheria yoyote. Lakini kutoka diploma kwenda digrii mlango ni mwingine na funguo zake ni nyingine: wanataka diploma ya famasi yenye GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B, NA fomu foo uwe na angalau D kwenye Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Yote matano. GPA yako 3.9 ni kubwa sana, hongera kwa kweli, lakini haiwezi kulipia F ya Hesabu hata ingekuwa 5.0, ni vitu viwili vinavyopimwa kila kimoja peke yake. Ndo yaleyale ya binti wa Ujiji hapo juu, mnahesabu jumla wakati wao wanaangalia somo moja moja.

Ukweli mwingine ambao utakupa nguvu: D ya fomu foo inaanzia alama 30. Thelathini tu kaka. Karatasi ya Hesabu ina maswali 10 ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, kisha manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Ukipata maswali matano ya sehemu A kwa ukamilifu umeshafika 30 hata kabla hujagusa B. Mimi sikujaribu kujifunza Hesabu yote ya miaka minne, ningechanganyikiwa. Nilichagua mada zangu nikazikalia: takwimu, seti, hesabu za biashara, matriksi, na ile ya kuchora mistari ya kutafuta faida kubwa zaidi. Kila siku baada ya kazi saa moja na nusu, mitihani iliyopita mmoja kwa wiki, na kuna kijana wa fomu foo mtoto wa jirani alikuwa ananisahihishia. Nilikaa kwenye chumba cha mtihani na watoto niliowazidi miaka tisa. Nilipata C. Ile karatasi ya matokeo ninayo mpaka leo kwenye faili moja na digrii.

Usajili wa kujitegemea wa fomu foo unafanyika mapema mwaka uleule wa mtihani, mtihani Novemba, matokeo Januari, maombi ya vyuo yanafunguliwa katikati ya mwaka. Kwaiyo ukipanga vizuri kutoka kujisajili mpaka kuingia darasani ni karibu miaka miwili, na katikati hapo unaendelea kula mshahara wako. Ukishapata D yako ingia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, uombe AVN, ile namba ya uhakiki wa tuzo, mana mwenye diploma bila AVN mfumo wa chuo hauwezi kumtambua na kila mwaka kuna watu wanaikumbuka siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Kwa kuwa ni mtumishi, anza pia kuulizia ruhusa ya masomo kwa mganga mkuu wa wilaya mapema na kwa maandishi. Usije ukapata chuo alafu ukakosa ruhusa.

Na ile "mbona Hesabu" naomba niijibu vizuri, mana nikiwa na hasira na mimi niliuliza hivyohivyo. Mama anakuja dirishani na mtoto ana homa, mtoto ana kilo 12. Dozi ya parasetamo ni miligramu 15 kwa kilo, kwaiyo anatakiwa miligramu 180. Chupa ya dawa ya maji uliyonayo ina miligramu 120 kwenye kila mililita 5. Unampa mililita ngapi? Ni 7.5. Anaekosea hapo akampa 15 amempa mara mbili, na huyu mama akirudia kila baada ya saa sita kwa siku kadhaa ini la mtoto linaumia. Wewe hii unaifanya kila siku kichwani, najua, kwaiyo usiniambie Hesabu huiwezi. Unaiweza, hukufundishwa tu kwa namna hiyo. Sisi wa Kigoma tunatoa dawa ya mseto ya malaria kila siku ya Mungu, mtoto chini ya kilo 15 kidonge kimoja, 15 mpaka chini ya 25 viwili, kuanzia 25 vitatu, kuanzia 35 vinne, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Zidisha uone ni vidonge vingapi utahitaji kwa mwezi kama unapokea wagonjwa 20 wa kila kundi. Hilo ni swali la Hesabu, na bohari ndogo ya kituo ikikosea hapo dawa inaisha tarehe 20.

Nakusubiri Januari na hiyo D. Naomba uniandikie.

SWALI: Mwangaluka mwanangu. Mimi mama wa Urambo, tunalima tumbaku. Kijana wangu amepata Kemia B, Baiolojia B, Fizikia D na anang'ang'ania famasi. Baba yake hataki kusikia, anasema na matokeo hayo aende udaktari, eti kuuza dawa dukani hata darasa la saba anauza. Mimi sijasoma sana, naomba unieleweshe, na pia hela ya kusomesha hatuna ya kutosha.

JIBU: Mwangaluka mama, shikamoo. Nisalimie mzee pia na umwambie simpingi, nataka tu aone anachokikataa.

Kwanza matokeo ya kijana ni mazuri sana, prinsipo tatu na jumla ya pointi 10. Udaktari anaweza kuomba na famasi anaweza kuomba. Ushindani ni mkubwa pote, chuo kinachukua wenye pointi za juu kwanza mpaka nafasi ziishe, kwaiyo kuwa na sifa sio kuwa na nafasi. Mwambie aombe vyuo zaidi ya kimoja. Famasi ya digrii ipo Muhimbili kule Dar, ipo Bugando Mwanza ambayo kwa sisi wa Tabora ndo karibu, ipo St. John's Dodoma, na Kampala International pale Dar.

Sasa la kuuza dawa dukani. Mzee anaposema hata darasa la saba anauza ananiumiza kidogo, ila namuelewa, mana ndicho alichokiona. Kuna duka la dawa muhimu, hili la kijijini, lilianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, na muuzaji wake anatakiwa awe amepewa mafunzo maalumu na kuruhusiwa dawa fulani tu. Yupo fundi dawa msaidizi, yupo fundi dawa sanifu wa diploma, kama kaka wa Kasulu hapo juu. Alafu ndo mfamasia wa digrii, miaka minne ya chuo na mwaka mmoja wa mazoezi hospitali, kisha Baraza la Famasi linamsajili. Huyu ndie anaetakiwa kusimamia famasi kubwa, bila jina lake famasi haipewi kibali. Ndie anaekaa wodini na daktari kuangalia kama dawa tano alizoandikiwa mgonjwa wa figo hazigombani. Ndie yupo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kupima dawa kabla hazijaingia sokoni, yupo Bohari ya Dawa, hata kanda yetu hapa Tabora, yupo viwandani zinakotengenezwa. Nimeshazuia mwenyewe dozi iliyoandikwa kubwa mara kumi kuliko inavyotakiwa kwa sababu nukta haikuonekana. Daktari alikuwa amechoka, usiku wa tatu hajalala, alinishukuru na yule mtoto alitoka hospitali anatembea. Kwaiyo mama hatushindani na madaktari, tunalinda mgonjwa mmoja.

Na kama moyo wa kijana uko kwenye famasi muacheni. Nimeona waliosukumwa kwenda walikosukumwa, mwaka wa pili wanarudi nyumbani.

Kuhusu hela. Aombe mkopo Bodi ya Mikopo na asichelewe hata siku moja. Mkopo unaweza kugusa chakula na malazi, vitabu, ada, mahitaji maalumu ya kozi, mafunzo kwa vitendo na utafiti, ila kiasi kinategemea hali ya familia kwaiyo aandike hali yenu kama ilivyo, asione aibu kusema baba ni mkulima. Ataulipa akianza kazi, wanakata asilimia 15 ya mshahara. Vyuo binafsi ada yake ni kubwa kuliko ya serikali, na mkopo sio lazima uifunike yote, kwaiyo akichaguliwa binafsi kaeni chini mpige hesabu ya miaka YOTE minne, msipige ya mwaka wa kwanza tu. Nimeona familia imeuza ng'ombe wote mwaka wa kwanza.

Jambo moja nakuomba ulifanye kesho mama. Toa cheti chake cha kuzaliwa, cha fomu foo na cha fomu siksi, viweke mezani, uwaite wote wawili, muangalie majina herufi kwa herufi. Cheti changu cha kuzaliwa kilitofautiana na cha shule kwa herufi moja, moja tu, nikahangaika miezi miwili na viapo na nauli, na bumu langu la kwanza, hela ya mkopo ya kujikimu, likachelewa mpaka nikawa nakula kwa wenzangu. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wanaosajili vizazi na vifo, kabla ya kuambatanishwa na kinachukua siku, kwaiyo kikiwa na kasoro mjue sasa.

SWALI: Dada mimi nipo fomu tuu Kaliua, napenda sana famasi. Shule yetu mwalimu wa Fizikia amehama, wenzangu wote wanasema tukiingia fomu three tunaacha Fizikia tubaki na Kemia na Baio. Nikiacha si bado nitasoma famasi?

JIBU: Usiache mdogo wangu. Bila Fizikia huwezi kwenda PCB, na bila D ya Fizikia ya fomu foo hata njia ya diploma kwenda digrii inafungwa. CBG, ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, ni kombi nzuri ila haina Fizikia, itakupeleka kwingine. Waambie wenzako wawili watatu mbaki pamoja, tafuteni vitabu na mitihani iliyopita, na muombe mkuu wa shule awatafutie hata mwalimu wa kujitolea. Walimu wa sayansi waliohitimu na hawajapata ajira wapo mitaani hapahapa Tabora, wengine wanakubali kufundisha jumamosi.

SWALI: Mimi nimesoma sekondari yote Bujumbura, wazazi wamerudi nyumbani Mwanga, Kigoma mjini. Cheti changu kipo kwa Kifaransa. Naweza kuomba famasi Tanzania au nianze upya fomu wan?

JIBU: Huanzi upya. Cheti cha sekondari cha nje kinapelekwa NECTA kufanyiwa ulinganifu, wanakupa matokeo yako yanalingana na nini kwa ngazi zetu, na hayo ndo utaombea chuo. Kwa kuwa kiko kwa Kifaransa kitafutie tafsiri rasmi kwanza, na beba pia karatasi ya alama za kila somo, usibebe cheti peke yake, mana famasi wataangalia Kemia, Baiolojia na Fizikia moja moja. Fanya kabla ya dirisha kufunguliwa. Na Kiingereza kianze leo, masomo ya chuo yote ni kwa Kiingereza na nimesoma na kijana wa huko, alikuwa na akili sana ila mwaka wa kwanza lugha ilimtesa.

SWALI: Dada, muuzaji wa duka la dawa muhimu huku Uvinza. Fomu foo nilipata Baiolojia D, Kiswahili C, Historia D, Kemia F. Kuna chuo kimenipigia simu kinasema watanipokea diploma ya famasi hivyohivyo, nilipie laki mbili za kuhifadhi nafasi.

JIBU: Usilipe. Bila D ya Kemia huna sifa ya diploma ya famasi, anaekwambia vinginevyo anataka laki mbili zako. Hata wakikupokea, jina lako halitapita NACTVET na utasoma miaka mitatu bila kutambulika, nawajua watu wawili yamewakuta na mmoja wao alikuwa ameshauza kiwanja. Chuo chochote kabla ya kulipa angalia kama kimesajiliwa NACTVET na kama Baraza la Famasi linakitambua kwa kozi hiyohiyo, mana kuna vyuo vimesajiliwa kweli ila sio kwa famasi. Wewe risiti Kemia. Na ukiwa unarisiti ongeza Hesabu, Fizikia na Kiingereza kama huna, ada ya mtihani utailipa mara moja na mlango wa digrii utakuwa umeufungua ukiwa bado hata diploma hujaanza.

SWALI: Dada nimechaguliwa famasi vyuo viwili, Bugando na Muhimbili!! Nipo Nzega. Nimepewa mpaka tarehe ya kuthibitisha ila bado nafikiria. Nimesikia mwaka wa kwanza watu wanadisko sana, yani wanaondolewa chuo kwa kufeli, ni kweli? Nijiandae na nini?

JIBU: Hongera sana mdogo wangu, nimesoma meseji yako nikapiga kelele peke yangu dispensing. Kuthibitisha usingoje siku ya mwisho. Utatumiwa namba maalumu kwenye simu au barua pepe uliyojazia, unaingia kwenye akaunti yako ya chuo kimoja unachokitaka unaiweka, basi. Usipothibitisha kokote ndani ya muda nafasi zote mbili zinaweza kwenda kwa wengine. Kama laini uliyojazia ni ya rafiki au ya intaneti kafe, ifatilie leo.

Kuchagua kati ya hivyo viwili mimi naangalia gharama ya miaka minne, mkopo wako na ndugu uliyonae mjini. Vyote vitakupa digrii inayotambuliwa na Baraza, hakuna mgonjwa atakaekuuliza ulisomea wapi. Kwa mtu wa Nzega Mwanza ni basi la masaa machache, likizo fupi unaweza kuja kula nyumbani, na hiyo ni hela pia.

Kudisko kupo, sikudanganyi. Mwaka wa kwanza mnakutana na anatomia, fiziolojia na bayokemia kwa wakati mmoja na mtu aliyezoea kukariri usiku wa mwisho anachukua sapu tatu, yani mitihani ya kurudia. Siri yangu mimi ilikuwa kundi la watu wanne, kila jioni mmoja anafundisha wengine bila kuangalia daftari. Baadae ndo vinakuja vitamu, famakolojia, namna dawa inavyofanya kazi mwilini, famasutiksi, namna kidonge kinavyotengenezwa mpaka kiyeyuke tumboni kwa wakati wake na hapo ndo utaelewa kwanini walikung'ang'aniza Fizikia, na famakognosia, dawa zinazotoka kwenye mimea. Siku niliyojifunza kwamba kwinini ni ya gome la mti na dawa mojawapo iliyo ndani ya mseto tunaotoa kila siku inatokana na artemisini ya mmea, nilimpigia bibi yangu Ujiji usiku uleule, mana ndie alikuwa ananichemshia mwarobaini nikiwa mdogo.

Cha kubeba: vyeti halisi na kopi zake kwenye mfuko usiopitisha maji, koti jeupe usinunue Nzega mpaka uone chuo wanataka la aina gani, kikokotoo cha sayansi, na daftari lako la Kemia la fomu siksi. Hilo daftari usimpe mdogo wako bado, kemia ya kaboni utairudia sana ukifika kwenye kemia ya dawa. Wenzako wengi wanaliacha nyumbani.

Sasa weka simu chini, ingia kwenye akaunti uthibitishe kabla bando halijaisha, alafu niandikie umechagua wapi.